Jani la Isale kwa Afisa Miliki

Mtu wa Nkoasiri akifika Arusha mjini na kusema anakotoka, huulizwa anasomea nini. Elimringi Nnko, mtunza bustani wa miaka hamsini na tisa, alikuwa na jibu lake: "Nasomea majani, mwaka wa ishirini na mbili." Watu walicheka, naye alicheka nao, ila si sana. Chuo Kikuu cha Nkoasiri kilikaa juu ya shamba la kahawa la baba yake.

Mzee Nathanael alilitoa shamba hilo kwa mdomo, enzi chuo kilipokuwa madarasa manne ya mabati. Aliomba mambo mawili: chuo kiitwe kwa jina la mji wao mdogo, na kona ya migomba iliyo upande wa mlima ibaki ya ukoo. Alipofariki alizikwa kwenye kona hiyo, na hakuna aliyeuliza. Baadaye wakuu waliomjua wakastaafu, chuo kikapata hati ya shamba lote, ukuta ukajengwa, na migomba ikabaki ndani ya ukuta. Elimringi aliajiriwa kufyeka nyasi za chuo. Kaburi la baba yake likawa sehemu ya kazi yake.

Julai mwaka huu mama yake, Bibi Agnela, alifariki Jumatano alfajiri. Katika ujane wake wote aliomba jambo moja tu, alazwe kando ya mumewe. Maziko yakapangwa Jumamosi.

Alhamisi Elimringi alivaa koti la kanisani, akaenda kwa afisa miliki wa chuo, Jackline, binti wa Tabora aliyekuwa na miezi mitano kazini. Jackline alimwamkia shikamoo, akampa pole, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha alieleza kwa upole kwamba ramani haionyeshi makaburi, kwamba maabara mpya itajengwa pale, na kwamba yeye hana mamlaka ya kuruhusu maziko. Elimringi hakubishana. Alitoa ndani ya koti jani la isale, lile jani refu ambalo Wameru na Wachaga huombea msamaha au jambo zito, nalo kwao halikataliwi hata na mtu aliyeuliwa mwanawe. Alimnyooshea kwa mikono miwili. Jackline akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalitia kwenye glasi ya maji dirishani.

Elimringi alitoka pale miguu ikiwa myepesi. Kwake shauri lilikwisha. Aliyepokea isale ameridhia, na lolote alilosema kabla limefutika.

Ijumaa Elimringi na vijana wa ukoo walikwenda na majembe na sururu. Getini alikuwepo Philemoni, mlinzi, jirani yake tangu utotoni. Hakudai karatasi. Aliuliza kama isale limetolewa na kupokelewa, akaambiwa ndiyo, tena kwa mikono miwili, akafungua, na kaburi likachimbwa.

Jumamosi jeneza lilipofika, geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Manyunyu yalikuwa yakishuka kutoka mlimani. Philemoni alisimama nje, kofia mkononi.

"Baba Nice, nisamehe," alimwambia Elimringi. "Wameliona shimo asubuhi. Nimeambiwa nikifungua tena nisirudi kazini."

"Si nilikwambia limepokelewa?"

"Uliniambia, nami nikawaambia. Wakaniuliza imeandikwa wapi."

Jackline alikuja mbio, macho yamevimba. Alikuwa amewapigia wakuu simu tangu saa mbili, na wote walikuwa wamekataa.

"Baba, nilidhani ni zawadi," alisema. "Nilidhani unanishukuru kwa kukusikiliza. Kwa nini hukuniambia?"

"Halisemwi, mwanangu. Linatolewa tu."

Elimringi alitafuta hasira ya kumtupia yule binti, akaikosa. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukaa Nkoasiri, akalipwa mshahara wa Nkoasiri, na asijue isale ni nini. Mdogo wake Fanuel alikuwa tayari ameshika jiwe la kuvunjia kufuli. Elimringi akamkamata mkono, akamwambia mama yao haingii kaburini kwa fujo. Jeneza likageuzwa.

Lilichimbwa kaburi jingine nyumbani, kati ya jiko na zizi, maana ndipo palipobaki. Ardhi ilikuwa na mawe. Waombolezaji walisimama kwenye manyunyu hadi saa kumi, nyimbo zikawaishia, na mchungaji akalazimika kurudia zaburi ile ile. Bibi Agnela akalazwa huko chini peke yake.

Jumatatu Elimringi alirudi kazini. Getini, mahali pa Philemoni, alimkuta mlinzi mgeni, naye akamwomba kitambulisho. Ndani, msimamizi wa bustani, Gadiel, alikuwa ameagizwa shimo lifukiwe kabla wanafunzi hawajarudi kutoka likizo, na alikuwa ametafuta vibarua wawili. Elimringi akaomba koleo. Gadiel akamwambia yeye bado ana msiba, akapumzike.

"Nipe," alisema Elimringi. "Nililichimbisha mimi."

Alifukia peke yake hadi saa sita mchana, akiushindilia udongo kwa miguu kando ya baba yake, mpaka pakawa sawa na nyasi nyingine.