Lebo Iliyosema Sifuri

Simu ilimkuta Nyevu nyumbani kwake Kilifi, hata chai hajanywa. Aliyepiga ni Afiya, muuguzi wa zahanati ndogo huko Mambrui. Wiki ile ndipo walipoanza kutumia programu aliyowaandikia Nyevu, ya kukokotoa dozi za watoto na kuchapa lebo za chupa.

"Nyevu mwanangu, lebo hii yasema mtoto apewe mililita sifuri. Dawa gani hiyo?"

Nyevu alifungua kompyuta. Ndani ya programu alikuwa ameunda aina yake mwenyewe ya namba, akaiita Dozi, inayobeba kiasi pamoja na kipimo chake. Hesabu ilikuwa sahihi: mililita 0.4. Kosa lilikuwa kwenye kuchapa. Hakuwa ameielekeza Dozi jinsi ya kujiandika ikitakiwa tarakimu mbili baada ya nukta. Basi ikafuata maagizo aliyoyaweka harakaharaka wakati wa majaribio, yanayogeuza kila kiasi kuwa namba nzima iliyo karibu nacho.

"Sista Afiya, msitoe lebo nyingine! Nani mwingine amepewa?"

Akasikia karatasi zikipekuliwa.

"Mmoja tu, jana. Mtoto wa Kabibi. Alistahili 0.75, lebo ikaandika 1."

Nyevu alitoka bila kuzima kompyuta. Adhuhuri ilimkuta kwa Kabibi, Afiya ameshatangulia.

"Amelala tangu asubuhi," Kabibi alisema.

Afiya alimwamsha mtoto, akampima. Mtoto akalia kwa hasira, akataka uji. Afiya akampigia daktari wa Malindi, naye akasema kwamba ziada ile haina hatari, ila dozi inayofuata irukwe.

"Kosa ni langu, si la muuguzi," Nyevu alimwambia Kabibi. "Nisamehe, dada."

"Nenda ukalitengeneze," Kabibi alisema. "Wengine wana watoto pia."

Zahanatini, mistari michache ilitosha kuifanya Dozi itii. Wakachapa lebo arubaini, Afiya akikokotoa kila moja kwa kalamu. Zote zilikuwa sawa.

"Yatosha, mwanangu. Nenda kapumzike."

Hakuweza. Hadi Ijumaa alisimama kando ya dirisha la dawa, akiomba kila chupa aisome kabla mama hajaipokea.