Ng'ombe wa Chemsha Bongo

Nilipopangiwa kufundisha kijijini Sepuka, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nilijiona fundi wa kuandaa chemsha bongo. Niliandika maswali mwenyewe, nikaalika shule ya jirani, nikatundika kipande cha reli cha kugonga muda ukiisha. Timu itakayoshinda ingepanda lori kwenda kushindana Singida mjini.

Timu yetu ilikuwa na msichana mmoja wa darasa la sita aliyenisumbua wiki nzima. "Mwalimu, ni kweli mjini kuna chumba kizima cha vitabu?" Nikamwambia kipo, atakiona. Alikuwa hajawahi kufika mjini. Kwa hesabu hakuwa na mpinzani, nami kwa makusudi nikaweka swali la mwisho liwe la hesabu. Si jambo la kujivunia, lakini ndivyo nilivyofanya.

Jumamosi hiyo wazazi walijaa uwanjani. Mbele kabisa alikaa babu yake yule msichana, mwenyekiti wa kamati ya shule. Tulifika swali la mwisho timu zimelingana, na zamu ilikuwa yetu. Nikasoma kwa madaha: "Mwenyekiti wa kamati yetu ana ng'ombe arobaini na wanane. Wamezaliwa ndama kumi na tisa. Ametoa tisa kwa kijiji. Amebaki na wangapi?"

Nilidhani nampa mzee heshima. Ile arobaini na wanane nilikuwa nimeihesabu mwenyewe asubuhi moja, nikipita karibu na zizi lake.

Wazazi wakatazamana. Msichana wangu aliinamisha kichwa, akawa anachora chini kwa kidole cha mguu. Nikarudia swali taratibu, nikidhani hakusikia. Akaendelea kuchora. Nikapandwa na hasira: kujumlisha na kutoa tu, mtoto anayepiga hesabu za sehemu kichwani! Nikagonga reli. Swali likahamia upande wa pili, na mwanafunzi wao mmoja, mgeni aliyehamia majuzi kutoka mbali, akajibu papo hapo: "Hamsini na wanane!" Ilikuwa sahihi. Nikapiga makofi, nikasikia napiga peke yangu.

Nilichanganyikiwa. Walioshinda hawakushangilia, walioshindwa hawakulia, na wazazi waliondoka bila kuniaga. Nikamwita msichana.

"Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua, mwalimu."

"Sasa?"

Akanitazama kama vile mimi ndiye wa darasa la kwanza, akaenda zake.

Kesho yake babu yake alikuja nyumbani kwangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mwalimu, ng'ombe wangu uliwahesabu lini?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Akanieleza polepole kwamba kwao mtu hatajiwi idadi ya mifugo yake mbele za watu. Ukiitaja unaita mikosi, hasa miaka hii ya kuambiwa kila siku toa kwa kijiji. "Hata mke wangu hajawahi kunitajia." Kwetu Pangani tunahesabu minazi mchana kweupe, tena kwa sauti. Ningejuaje? "Yule mtoto amenisitiri," akasema. Kisha akanikabidhi kibuyu cha maziwa ya mgando, nami nikazidi kuchanganyikiwa: ananisamehe, au ananionya?

Jumatatu lori lilipita likawachukua washindi wa shule ya jirani. Msichana wangu alikuwa darasani, amekaa mahali pake pa siku zote. Niliona aibu kumtazama. Nilipokusanya madaftari nikakuta ameliandika swali langu upya, kwa mwandiko safi: "Mwalimu ana mawe arobaini na manane. Ameokota mengine kumi na tisa. Ametupa tisa. Amebaki na mawe mangapi?" Chini yake jibu, hamsini na manane, na pembeni ameacha nafasi ya kusahihishia.

Nilishika kalamu nyekundu muda mrefu. Mwisho nikaweka vema. Lori lilikuwa limeshafika mjini.