Hodi ya Mwatumu Ndani ya Ngoma

Marehemu mke wangu alinibishia hodi mchana kweupe. Sinywi, sivuti.

Nilikuwa chumbani kwangu mtaa wa La Rochelle, huku jiji la dhahabu kusini mwa Afrika, nasonga ugali. Ukutani nikasikia: nga, nga, nga. Kimya. Nga, nga, nga.

Mwiko ukanidondoka.

Mwatumu alibisha hivyohivyo maisha yake yote. Mtoto wa Tanga, kafundishwa chuo cha Kurani: bisha mara tatu, ngoja ujibiwe. Hata chumba chetu wenyewe alikibishia!

"We mwanamke, unamwogopa nani humu?" namcheka.

"Naheshimu mlango."

Alikufa kwa moshi, karakana ya kushonea ilipoungua, Doornfontein, mtaa wa viwanda. Bosi akasema geti lilikuwa wazi, mke wangu alizubaa kwenye cherehani. Wakaguzi wakaja na tai zao, wakaandika hivyo, wakanywa chai, wakaondoka.

Mimi darasa la nne, nani anisikilize? Nimelala na neno hilo mwaka mzima. Alizubaa.

Basi mchana ule nikamvamia jirani mpya wa nyuma ya ukuta, Exaucé, kijana wa Lubumbashi, fundi wa muziki wa kompyuta.

"Hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Eish, papa, pole! Ni ngoma yangu. Zamani kule Ulaya batu balipiga mabati na mapipa, bakarekodi makelele ya mashini. Kisha bakatia mdundo wa umeme, batu bakacheza. Miye nafuata njia yao."

"Nimeuliza wapi!"

"Doornfontein. Mwaka jana nilikaa mbele ya karakana moja ya kushona. Niliacha rekoda dirishani, nikaenda shule. Nilizani fundi anagonga chuma kabla ya ule moto, sikusikiliza mwisho, nikakata kipande ile tu."

"Weka yote."

Akaweka. Vyerehani. Kikohozi. Geti: nga, nga, nga. Kimya.

Jamani, moshi unamkaba, na bado anangoja ajibiwe!

Kisha sauti yake: "Bosi, fungua kufuli!"

Exaucé akajishika kichwa.

Nikawapelekea rekodi wakubwa wa wale wakaguzi. Wakasikiliza. Mmoja akawa anagonga kalamu mezani, anafuata mdundo.

"Mzee, huu ni muziki tu."

Niliporudi, Exaucé alitaka kuifuta ngoma, machozi yanamtoka. Nikamkatalia, nikamwambia aiachie mitaani.

Kwenye rekodi Mwatumu alinyamaza. Kwenye ngoma hachoki kubisha.

Basi nyie mnaocheza, mkisikia chuma kinagongwa, ulizeni kwanza nani yuko ndani.

Na wewe mwenye ufunguo, ngoma inapigwa kwenye teksi, inapigwa kwenye spaza, viduka vya mtaani. Jibu hodi.