Gaudiose Haachii Waya Mpaka Rubani Alale

Saa tano kasorobo asubuhi, juu ya kilima kimoja cha Nkungu, magharibi mwa Rwanda, Gaudiose Umuhire amesimama kwenye ukingo wa mteremko akiwa ameligeuzia bonde mgongo. Mikono yake imeshika nyaya mbili za mbele za bawa kubwa la kitambaa, lenye upana wa mita kumi, lisilo na injini wala kiti. Chini ya bawa hilo amefungwa mtu mzima.

Upepo wa Ziwa Kivu unapanda mteremko na kulitingisha bawa. Linataka kuinua pua na kupinduka. Linalolizuia ni mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita, aliyevaa kitenge na viatu vya mpira.

"Papa, lala," anamwambia rubani huyo.

Rubani analegeza magoti na kujinyoosha kifudifudi, akining'inia kwa mkanda wake. Gaudiose anamkabidhi mwenzake waya, anainama, anaugusa ukanda aone kama umekaza, kisha anaishika kulabu inayomuunganisha mtu na bawa. Kilimani ukaguzi huu wanauita "kulala". Asiyelala haruki, kwa sababu mtu aliyesahau kulabu hukimbia na bawa lake vizuri kabisa mpaka ardhi inapokwisha.

Kulabu imefunga. Lakini kabla hajaachia, redio iliyo kifuani mwa Ndayisaba, msimamizi wa kilima, inakoroma. Ndege ya abiria inakaribia kutua katika uwanja wa Kamembe. Kwa masharti ya kibali chao, ndege ikiwa njiani hakuna bawa linaloondoka. Rubani anajifungua na kwenda kunywa maji kivulini.

Gaudiose anamtazama akijifungua. Uso wake unabadilika.

Alizaliwa Bukavu, Kongo, katika mtaa wa Kadutu, na wazazi Wanyarwanda, akarejea Rusizi akiwa msichana. Kazi hii ameifanya miaka saba. Yeye na wenzake watatu hulibeba bawa likiwa limekunjwa, mzigo wa kilo thelathini na tatu wenye urefu wa karibu mita sita, kutoka barabarani hadi kileleni, wakipita kando ya mashamba ya maharage na ndani ya mikaratusi. Mwendo ni saa moja na nusu. Kwa kila bawa hupata faranga elfu tatu. Wakifika, wabebaji hao hao huwa washika waya, na waya wa pua, yaani wa mbele, ni wa Gaudiose.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, mwaka jana, alipopanda rubani aitwaye Kamali, kijana wa Kamembe aliyekuwa amejifunza kuruka kilimani hapo hapo.

"Kamali alilala muzuri," anasimulia Gaudiose kwa Kiswahili cha Bukavu. "Kulabu niliishika na huu mukono. Kiisha ndege ikakuya, bakasema tungoje. Akajifungula, akaenda kubadirisha betri ya radio. Aliporudia, upepo ulikuwa muzuri na bantu babili banangoja nyuma yake. Nikamuambia chef Ndayisaba, huyu arudi kulala. Chef akasema, ameshalala huyu, Maman, utamulalisha mara ngapi, ni mutoto? Bantu bakacheka. Kamali naye akacheka. Akaniambia achia. Nikaachia."

Kisha anaongeza: "Mikono ni yangu. Ile ya kuachia siwezi kumupatia muntu mwingine."

Kamali alikimbia hatua sita. Bawa likapaa, naye akabaki ameshika bomba la kuongozea bawa kwa mikono miwili, miguu ikielea. Alijitahidi kwa muda ambao waliokuwapo hawakubaliani urefu wake. Aliangukia kwenye mikaratusi, akafariki kabla gari halijafika hospitali. Bawa lenyewe lilitua peke yake, bila mchubuko.

Mtu akifa kwa uzembe, wajibu wa walio hai ni kusema kweli, hata ikiwachoma. Klabu inayoendesha shughuli za kilima hicho iliandika ripoti ya kurasa nne. Neno "ndege" halimo. Neno "haraka" halimo. Jina la Ndayisaba limo mara moja tu, mahali pa sahihi. Sababu ya ajali imeelezwa kwa mstari mmoja: mbebaji aliachia waya bila kuhakikisha.

Alipoitwa kuikubali ripoti hiyo, Gaudiose aliwekewa mezani kibweta cha wino.

"Balinileteya wino ya kidole," anasema, na hapa sauti yake inapanda kwa mara ya kwanza. "Miye nilisoma mpaka ya ine ya sekondari. Nikaomba kalamu. Kiisha nikaomba karatasi nisome. Chef akaniangalia sawa vile ningemuomba gari yake."

Aliisoma yote, akairudisha bila alama yoyote. Siku hiyo hiyo akaambiwa abaki nyumbani.

Alikaa nyumbani miezi mitano. Jolie, mjane wa Kamali, huuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, katika soko la Kamembe; tangu ripoti itoke, akimwona Gaudiose hugeuza uso. "Simukasirikie," anasema Gaudiose. "Yeye alisoma karatasi, na karatasi iko na muhuri. Miye niko na mudomo tu."

Waswahili wamesema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hapa kunyonga kulifanyika upesi; haki haijafika.

Aliitwa tena kazini mwezi wa Novemba, wala si kwa huruma. Vijana wawili wenye misuli waliwekwa kwenye waya wa pua baada yake, wakashindana na upepo kama washindanavyo na ng'ombe, na katika wiki moja mabawa mawili yakapinduka. Upepo haushindwi kwa nguvu. Hupewa kidogo, hunyimwa kidogo. Klabu ikamkumbuka mwanamke iliyemsingizia.

Ikamrudisha kwa sharti ambalo halikuandikwa popote. Akiambiwa achia, aachie. Akilizuia bawa mara moja, ni onyo. Mara ya pili, asirudi. Onyo la kwanza amekwisha kulipata mwezi wa Februari.

Hayo ndiyo yaliyo mezani leo, wakati redio inakoroma tena saa tano na nusu: ndege imetua, njia iko wazi. Mwewe wawili wanazunguka juu ya mikaratusi bila kupiga bawa, dalili kwamba hewa inapanda. Rubani wa leo ni Christophe-Aimé Bahizire, daktari wa meno wa Bukavu, aliyevuka mpaka alfajiri. Anakusudia kuifuata safu ya vilima kuelekea kusini hadi mashamba ya mpunga ya Bugarama, kiasi cha kilomita thelathini, bila kusukumwa upande wa Kongo wala wa Burundi. Anajifunga upesi.

"Haya, tunatoka," anasema Ndayisaba. Naye alikulia Kongo, Uvira, na kilimani huzungumza Kiswahili. "Docteur, uko tayari? Maman Gaudi, achia."

Gaudiose haachii.

"Alale," anasema.

"Ameshalala."

"Alilala mbele ya ndege kutua. Sasa alale nyuma ya ndege kutua."

"Maman, upepo utatuacha. Usianze maneno yako."

"Utarudia. Upepo uko na kazi gani ingine?"

Nasiri, mbebaji aliyeshika waya wa kushoto, anacheka, kisha anauma mdomo. Daktari anajaribu upole: "Maman, nimejifunga. Nakuapia."

"Docteur, weye ukitaka kumung'ola muntu jino, unaangalia kwanza ni gani. Lala."

Ndayisaba anamsogelea, anashusha sauti. "Nilikuambia mara ya pili ni ya mwisho."

"Nilisikia. Alale."

Bawa linatikisika mikononi mwa wanne. Mwisho daktari, ambaye ndiye mwenye shingo ya kuvunjika, analegeza magoti na kulala. Gaudiose anainama, anagusa ukanda, anaishika kulabu.

Imefunga. Kila kitu kiko sawasawa.

"Unaona?" anasema Ndayisaba kwa sauti ya kusikika na wote. "Iko sawa. Umetupotezea wakati bure."

"Sasa ndiyo nimeona," anajibu. "Mbele ya kushika sikukuwa nimeona."

Na upepo, kama aliyekodiwa kumtolea ushahidi msimamizi, unageuka. Unavuma kutoka nyuma ya kilima, na kwa upepo wa nyuma hakuna anayeruka. Wanasubiri dakika arobaini. Ndayisaba anatembea huku na huko akitazama saa.

Wako watakaosema msimamizi alikuwa na haki, kwa kuwa kulabu ilikuwa mahali pake. Kauli hiyo ni ya kipofu wa moyo. Anayejaribu mlango usiku na kuukuta umefungwa hakukosea kuujaribu. Roho ya mtu ni amana, na mwenye kushika amana haulizwi alikuta nini. Huulizwa alitazama au hakutazama.

Saa sita na robo upepo unarudi usoni. "Lala," anasema tena, na safari hii daktari analala bila neno. Gaudiose anaachia, anajitupa kifudifudi majanini, na bawa linapita juu ya mgongo wake kwa mvumo wa shuka inayokung'utwa. Akiinua kichwa, daktari amekwisha kuungana na mwewe.

Feza, mbebaji wa nne, anamfuata chini kwa pikipiki ya kukodi, redio mkononi. Bawa linapanda, linavuka kilima cha pili na cha tatu, linakuwa doa jeupe. Lakini joto la mchana limekwisha kupoteza makali yake bora, na mawingu ya msitu wa Nyungwe yanafunika jua. Saa nane na nusu Feza anaita: daktari ametua salama Nyakabuye, katika shamba la mihogo lililokwisha kuvunwa. Kilomita kumi na saba.

Jioni, mbele ya ghala la klabu huko Kamembe, Bahizire anashuka garini, uso umebabuka kwa jua.

"Dakika makumi ine, Maman. Ningefika Bugarama."

"Bugarama haihame, Docteur."

Anacheka kidogo, anatikisa kichwa, anakwenda kunawa. Ndayisaba hacheki. Mbele ya wabebaji wote anamwambia Gaudiose kwamba kuanzia kesho hana haja ya kupanda kilima. Maneno hayo yanachukua muda mfupi kuliko kufunga kulabu.

Gaudiose anamwendea daktari na kumwomba aandike alichokiona leo, mistari miwili tu. Msomi huyo anapangusa mikono, anasema atafikiri, anasema asingependa kugombana na klabu, kilima cha kurukia ni kimoja. Mtu aliyelala mara tatu kwa ajili ya uhai wake hakuweza kusimama mara moja kwa ajili ya aliyemlaza.

Alipoulizwa na gazeti hili, Ndayisaba alijibu kwa ufupi: "Ile ripoti ilishafungwa." Ripoti hufungwa kwa muhuri wa klabu; mbele ya Mola hakuna faili linalofungwa kabla mwenye haki hajaipata.

Jioni ile ile, pale ghalani, likatokea jambo ambalo msimamizi hakulitazamia. Nasiri alikuwa ameanza kupakia mkanda wake wa begani wa kubebea mabawa aliposimama na kuuweka chini. "Miye sitashika pua," alisema. "Nisipoachia, nafukuzwa. Nikiachia, naandikwa." Feza na yule wa tatu, mzee Munyemana, wakaweka ya kwao juu yake.

Jumamosi ijayo mabawa sita yameandikishwa kuruka kutoka Nkungu, na wageni wamekwisha kulipa. Gaudiose ameandika barua ya ukurasa mmoja, kwa mkono wake, nakala moja kwa klabu na nyingine kwa ofisi ya wilaya. Haombi fidia wala kuombwa radhi. Anaomba kanuni moja iandikwe na kubandikwa ghalani: rubani akijifungua, hata kwa dakika moja, atalala tena, na mshika waya ana haki ya kutoachia.

Wote wanne wamekubaliana kungoja chini, pale barabarani, mabawa yanapoteremshwa garini.

"Bakiibandika, tunabeba, hata sita," anasema Gaudiose. "Bakikataa, babebe beye benyewe. Ni saa moja na nusu ya kupanda. Pale juu, muntu wa kushika pua atakuwa chef. Nitamuambia tu namna ya kujitupa chini."