Mtambo wa Maji Uliohama Lori Njiani Kharumwa

Niliondoka Shinyanga Jumanne, na mpaka leo sina hakika kama nilifanya vyema kuondoka. Mke wangu, Mama Kabula, alikuwa amelazwa hospitali ya Kolandoto, hapo hapo Shinyanga, akisubiri kupasuliwa ili ajifungue. Daktari alisema wazi: operesheni ni Ijumaa, damu yake imepungua, na katika ndugu wote waliopimwa ni yangu tu iliyofaa. Mwanamume mwenye akili angebaki. Lakini tajiri wangu, Mzee Hasham, alikuwa ameyakodisha malori yake kwa majeshi ya nchi kadhaa yaliyokuja kusaidia wakimbizi upande wa Ngara, na madereva tulikuwa wachache.

Nilikubali kwa sababu ya kompyuta. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo nieleze nilivyoona tu. Ilikuwa ya kukunjwa kama sanduku dogo, imewekwa juu ya meza stesheni ya reli. Sajini Mwanahamisi, askari wetu aliyepangwa kufanya kazi na wageni, ndiye aliyeibonyeza. Ndani yake mlikuwa na kila lori, kila dereva na kila kreti. Mtambo wa kusafisha maji ulitoka nchi moja, mafundi wa kuufunga walitoka nchi nyingine kwa ndege, mahema yalitoka ya tatu, na magari ni yetu sisi. Hao wote walitakiwa wakutane, na programu ile ndiyo iliyowapangia wakutane wapi na lini. Kitu kikifika, Sajini aliandika mbele yake neno moja: kimefika.

"Masanja, wewe unapeleka mahema bohari ya Geita, unageuza," aliniambia. "Ona hapa. Alhamisi mchana uko Shinyanga."

"Hiyo mashine haidanganyi, Afande?"

"Mashine si Msukuma." Yeye ni Mzaramo, mtani wetu sisi Wasukuma, kwa hiyo nilicheka. Nikaenda kumuaga Mama Kabula.

"Nenda," alisema. "Ila damu yangu umeibeba wewe, usiimwage njiani."

Baada ya kuvuka vijiji vya pamba, kabla ya Kharumwa, tuliingia kwenye mbuga ya udongo mweusi, na mvua ilikuwa imeshatangulia. Lori la Luhende, dereva mwenzangu tuliyefuatana naye, lililobeba kreti za mtambo wa maji kwenda Biharamulo, lilizama mpaka ekseli. Kwetu madereva wa njia hizi hakuna anayempita mwenzake aliyekwama. Mwenye gari zima anasimama, mzigo mzito unahamia kwake, mwepesi unakwenda kwa aliyezama. Wanakijiji walikuja na magogo na nyimbo za kulimia, wakazivusha zile kreti mabegani kama majeneza, huku mama mmoja akiwapigia kelele wasimkanyagie mihogo yake. Mahema yangu yakaenda kwa Luhende. Lori likatoka.

"Turudishe sasa?" niliuliza.

"Hapa? Nizame tena?" Luhende alinijibu. "Tutarudisha Geita penye ardhi ngumu. Twende, bwana."

Kusema haki, hata mimi niliona ni sawa. Tumefanya hivyo miaka yote na hakuna mzigo uliopotea.

Geita tulifika Jumatano alasiri. Mji umejaa wachimbaji wenye vumbi jekundu na wanunuzi wa dhahabu wenye mizani mifukoni. Uwanjani pa kukagulia, Sajini alikuwa ametutangulia kwa gari la jeshi, pamoja na Kapteni wa kizungu. Kila kreti ilikuwa na karatasi yenye mistari myeusi. Askari akaipitishia tochi ya mwanga mwekundu, na kompyuta ikalia pii! Ikalia tena. Na tena. Lori la mahema halina mahema, la mtambo halina mtambo. Hatujafungua hata mdomo, imeshajua! Nilishika kichwa.

Kapteni alifoka. Siwezi kumlaumu, mafundi walikuwa wameshafika Biharamulo, na kambini watu walikuwa wakifa kwa maji machafu. Sajini akatusikiliza, akamweleza habari za mbuga na desturi yetu. Kapteni akatulia, akauliza kuzirudisha kreti kutachukua muda gani. Mjini hapakuwa na kreni. Kwa mikono kazi ingefika kesho yake.

Sajini akabonyeza kidogo, akasema, "Inasema tusihamishe mzigo. Tuhamishe safari. Lori la Masanja liende Biharamulo, la Luhende lishushe mahema hapa."

Niliona jinsi ilivyokuwa na akili. Pia nikaona kwamba Ijumaa nitakuwa Biharamulo.

Nilitaka kunyamaza. Maji ya maelfu ya watu na damu ya mke wa mtu mmoja, utavipima kwa mizani gani? Nikasema polepole, "Afande, hiyo kompyuta inajua kwamba Mama Kabula yuko Kolandoto?"

"Haijui. Inajua tulichoiambia tu."

"Basi iambie."

Akaniangalia. Akaandika mbele ya jina langu, akinisomea: "Awe Shinyanga kabla ya Ijumaa. Damu." Mashine ikafikiri kidogo. Tena ikatenganisha kitu ambacho mimi sikuwahi kukitenganisha: dereva na lori lake.

"Luhende aendeshe lako, wewe urudishe lake."

"Gari langu?" nilisema. Gari la dereva ni kama mswaki wake.

"Leta funguo, bwana," Luhende alisema. "Langu gia ya pili ibembeleze kama mkwe." Vibali vya vizuizini vilikuwa na majina yetu, kazi ya siku mbili za mihuri katika ofisi ninazozijua mimi. Printa ikatoa vipya hata sijamaliza chai.

Alhamisi jioni nilikuwa Kolandoto, nimechelewa kidogo kuliko ilivyosema mashine, lakini kosa ni la gia ya pili. Ijumaa asubuhi walinitoa damu.

Nimejifunza nini? Nilidhani kitu kile kinajua yote, nikakiogopa. Halafu nikadhani hakijui lolote la watu, nikakosea tena. Siku hizi tukihamisha mzigo mbugani, kwanza tunawaarifu wenye kompyuta kwa redio.

Wiki chache baadaye nilimkuta Sajini stesheni. Luhende alikuwa amefika Biharamulo kwa wakati na maji yalikuwa yakitoka. Akafungua jina langu. Yale maneno yalikuwa bado pale.

"Mama je?"

"Mzima. Na mtoto mzima, wa kike."

Nilidhani atayafuta. Hakuyafuta. Aliandika mbele yake, kama anavyoandika kwa kila mzigo: wamefika.