Nyayo za Kuingia Tu

Nikiwa mtoto pale Matisi, hakuna mtu alikuwa ananishinda mbio. Hata pikipiki ilikuwa inaniomba njia. Lakini kitu moja ilikuwa inanitoa jasho: nyayo. Kukhu, nyanya yetu, alikuwa anasema ukiacha nyayo kwa boma ya watu, mchawi anazoa huo mchanga, anafunga kwa kitambaa, na wewe unaisha polepole kama sabuni.

Sasa Kukhu alikuwa anapanda maua ya manjano, yale Wahindi wanapamba nayo hekalu yao huko Kitale mjini wakati wa Diwali. Asubuhi hiyo mgongo ilimkataa, akanituma mimi na Wafula, ndugu yangu wa miaka minne, tuyapeleke hekaluni. Akaniambia, "Nafula, mtoto akipotea, usirudi hapa."

Nikabeba kikapu, uzito ya gunia mbili za mahindi. Kufika, nikaanza kupigia soja wa geti hadithi vile nilifukuza fisi na mwiko. Kugeuka, Wafula hayuko. Sandak zake, vile viatu vya plastiki, ziko kwa ngazi. Na kutoka hapo, nyayo nyeupe, ndogo ndogo, saizi yake kabisa, zinaingia mlangoni. Nikatafuta zenye zinatoka. Hakuna hata moja.

Soja, mtu wa Bungoma, akaona vile nimekauka, akanichokoza: "Kwani fisi imerudi? Toa viatu kwanza, rafiki yangu."

Viatu gani bana. Niliingia na gambuti yenye matope ya Matisi yote, nikapita sanamu ya mikono arobaini. Wafula alikuwa ameketi karibu na mama mmoja Muhindi, mashavu imejaa vitu tamu. Nikamvuta mpaka akalia. Nikauliza huyo mama nani amechukua nyayo ya ndugu yangu.

Hakukasirika. Akasema hizo si za Wafula, wamezichora na unga ya mchele. "Ni miguu ya Lakshmi, mungu wa mali. Tunachora akiingia tu. Nani anataka mali itoke?" Halafu akainama, akapanguza matope yangu yeye mwenyewe.

Nyumbani nilisema nimepigana na mikono yote arobaini. Wafula siku hizi ni baba ya watoto, na bado anawaambia vile shangazi yao aliingia kwa mungu wa wenyewe na gambuti kumtoa. Mimi huwa nakubali. Lakini ukweli ni kwamba siku hiyo sikumfikiria Wafula hata kidogo. Nilifikiria Kukhu, na mimi nikirudi peke yangu. Kwa hivyo akianza kunishukuru mbele ya watoto, mimi natoka nje, ati naenda kuangalia ng'ombe. Na sina ng'ombe.