Mgeni Niliyemzua Hewani

Nikiwasimulia hili mtanicheka, na mna haki, maana mimi mwenyewe hadi leo nikipita kijijini kwetu Hewani na pikipiki navuta kofia ifunike macho halafu naongeza mwendo.

Nilikuwa nimepata kibarua Garsen cha kuandaa watu wa kuhojiwa kwenye utafiti wa mafuriko, ila safari hii anayehoji si mtu, ni akili mnemba, yaani programu ya kompyuta inayoongea kwenye simu, inauliza, inasikiliza, inauliza tena. Kazi yangu ilikuwa rahisi (ndivyo nilivyodhani): niwaendee kina mama sita wa Hewani siku moja kabla, niwasomee karatasi inayoeleza kwamba wataongea na mtambo, kwamba sauti zao zitarekodiwa, na kwamba asiyetaka anakataa tu. Nikamkuta Mama Dhadho, mwenyekiti wa kikundi chao, ndiyo kwanza ametoka shamba, tope hadi magotini, nikajiuliza nitaanzaje kumweleza huyu habari za kompyuta inayosikiliza, nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni.

"Mtahojiwa na dada mmoja wa Nairobi," nikasema. "Anaitwa Neema. Mpole sana."

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, maana wenzake nao walikusanyika wakaanza kuniuliza. Ameolewa? Nikasema ameolewa. Ana watoto? Wawili (sijui walitoka wapi). Watu wake wa wapi? Nikasema mamake ni wa Ngao, hapo jirani tu, na kina mama wakapiga vigelegele, kumbe ni mtoto wa nyumbani!

Kesho yake nafika kanisani, tulikoazima ukumbi, nakuta sufuria ya wali wa nazi, samaki wa kukaanga, kuku amefungwa miguu awe zawadi ya kupeleka Nairobi, na kiti kimetandikwa leso mpya. Mchungaji naye amekuja kumwombea mgeni. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba Neema ataongea kwa simu tu. Wakasikitika, lakini Mama Dhadho akaichukua simu akailaza juu ya ile leso kama mtoto mchanga, na kwa kuwa hasikii vizuri akataka iunganishwe na spika ya kanisa, wote wamsalimie mgeni kwanza. Ningekataa vipi? Nikaunganisha.

"Habari ya asubuhi. Mimi ni msaidizi wa akili mnemba..." ikaanza, kwa Kiswahili cha vitabu.

Mama Dhadho hakungoja. "Njema, mwanangu! Wale wawili hawajambo? Na mamako wa Ngao?"

Kisha ile sauti, kwa upole ulionimaliza kabisa, ikajaa kanisa zima: "Asante kwa kuniulizia, mama. Lakini sina watoto, wala sina mama. Mimi si mtu, ni programu ya kompyuta. Je, ulielezwa hivyo kabla ya leo?"

Vichwa saba vikanigeukia. Nikaruka niizime, badala ya kuzima nikaongeza sauti, na mtambo ukauliza, nadhani hadi waliokuwa wanapalilia ukingoni mwa mto wakasikia: "Samahani, kuna mtu mwingine hapo anayetaka kuongea?"

"Yuko," akasema Mama Dhadho, macho kwangu. "Anaitwa Jillo. Ni mwongo."

Akasimama, wenzake wakasimama. Kazi niliiona imekwenda, lakini kilichoniuma ni huyu mama aliyenijua tangu natambaa kunipita kama hanioni. Nikaitoa ile karatasi nikaisoma palepale, yote, kwa Kiswahili halafu kwa Kipokomo, jasho linanidondoka. "Nisameheni," nikasema. "Nilidhani hamtaelewa."

"Tusielewe nini? Hicho chombo kimenieleza kwa maneno mawili." Akawatoa watu wote nje isipokuwa mimi ("Wewe kaa usikie ukweli unavyosemwa"), akaniamuru nipunguze sauti ya spika, akairudia simu.

Mwanzoni alijibu kwa mkato. Maji yalikuja, yakafika kiunoni, tukahama, nikarudi nyumbani mara moja, basi. Mtambo ukasema, "Umenieleza kwamba ulirudi nyumbani mara moja, maji yakiwa kiunoni. Ulirudia nini?"

"Mlango."

"Kwa nini mlango, mama?"

Akanyamaza, na mtambo nao ukanyamaza, ukamngoja (mimi ningeshamrushia swali la pili na la tatu). "Marehemu mume wangu alizipasua mbao zake mwenyewe," akasema mwishowe. "Nyumba ya udongo nitaisimamisha tena. Mlango ule nani atanitengenezea?"

Jamani, mwili ulinisisimka. Mlango ule nimeupita tangu utoto. Tulipokuwa kambini baada ya mafuriko nilimwona ameuegemea, nikadhani ni kuni. Sikuuliza. Na hiki kitu kisicho na nyumba, kisichowahi kuloa hata kidole, kilimuuliza maswali mawili kikafika mahali ambapo sisi majirani hatukuwahi kufika. Sijui kilisikia nini, ila yeye alijua anaongea na nini, na bado akaongea saa nzima.

Nimeapa, simkalishi tena mtu mbele ya mtambo kabla hajajua ni mtambo, hata nirudi mikono mitupu. Wiki iliyofuata nilikwenda kijiji cha Chara, nikasoma karatasi neno kwa neno, na wazee wawili wakaniambia hawawezi kuongea na kitu kisicho na uso. Nikawapa mkono, nikawashukuru, nikaondoka.